Siku Mama Alipokataa Moto

Jivu lililomwagiwa maji lina harufu yake, na asiyeijua asitamani kuijua. Iko katikati ya harufu ya mvua ya kwanza na harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda njaa. Mimi niliinusa siku tatu mfululizo, kijiji kizima, jiko kwa jiko, nikiwa na miaka kama tisa. Nasema kama, maana kwetu kuhesabu miaka ilikuwa kazi ya mapadre na mtoza kodi, sisi wengine tulihesabu meno. Zilikuwa zama za Mwingereza, msimu wa kuvuna ulezi, na ule upepo wa Ufipa wa kipupwe unaoweza kumnyoa mzee ndevu za shavu hili ukazibandika shavu lile. Ndiyo, nacheka. Nilizaliwa nacheka, hadi mkunga akadhani nina kifafa. Lakini haya ya leo nayaeleza kwa hasira, na hasira yenyewe ni kongwe kuliko meno yaliyobaki kinywani mwangu, ambayo ni manne, na moja linaaga.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kate, na watu wake walikuwa na adabu ya kuchosha. Salamu ya kwetu ilikuwa inaivisha maharage. Unapiga magoti, unapiga makofi polepole, unauliza habari za mtu, za mkewe, za ng'ombe wake, za mbwa wake, kisha unaanza upya kwa kuwa wewe hujaulizwa. Babu yangu mzaa baba ndiye alikuwa bingwa. Nakwambia, babu angekutana na chui njiani angempigia makofi kwanza, na chui kwa haya angerudi porini na njaa yake. Baba alikuwa kakwenda Tanga kukata mkonge, kwa hiyo nyumbani kwetu neno lilikuwa la babu, na mama alikuwa mkamwana wake, yaani mtu wa kujibu akiwa amepiga magoti na macho chini. Heshima si utumwa, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kuwa wakamwana.

Shule yetu ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi, yenye mlango mmoja wa mbao uliofungukia nje. Mwalimu Fabiani aliuchonga mwenyewe, akajisifia mwezi mzima. Alikuwa mwembamba huyo, akisimama ubavu tulidhani darasa halina mwalimu. Kaka yangu Paskali alikuwa mwanafunzi wake namba moja, kijana wa miaka kumi na mbili. Herufi zake zilisimama wima kama mahindi yaliyopaliliwa. Watu wazima wa kijiji kizima hawakujua a wala be, kwa hiyo mtoto huyu ndiye alikuwa akiwaandikia waume walioko mkongeni, akiwasomea wake majibu, na kuruka maneno ya faragha kwa kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kinasubiriwa kwa hamu kuliko barua yenyewe.

Mwaka ule palikuwa na genge la wezi wa ng'ombe. Waliswaga mifugo ya watu mchana kweupe hadi ng'ambo ya mpaka, Rodeshia, na tuliwajua mmoja mmoja, maana wawili walikuwa wamekunywa pombe ya ulezi nyumbani kwetu na kusifia povu. Wazee wakaamua boma la Sumbawanga liandikiwe. Mwalimu akaonyesha namna ya kuanza, Paskali akaandika, majina ya wezi wote yakakaa kwenye karatasi moja. Mama akasema barua iende moja kwa moja bomani, yeye mwenyewe yuko tayari kuibeba kwa miguu. Babu akakataa. Alisema mtu haruki kizingiti cha mwenye nyumba. Barua ya kijiji lazima ipite kwa jumbe kwanza, aipokee, aibariki, kisha aitume yeye. Na wazee wote waliokuwa pale walijua kwamba nyumbani kwa jumbe nyama haikauki, na kwamba hakuwahi kuibiwa hata mkia wa ndama. Walijua. Lakini kumruka jumbe ingekuwa utovu wa adabu. Babu akampelekea barua imebanwa kwenye ufito uliopasuliwa, kama desturi, akapiga magoti, akapiga makofi. Jumbe akaipokea kwa mikono miwili.

Zikapita siku chache. Watu wazima walikuwa mashamba ya mbali wakivuna ulezi. Mimi nilikuwa zamu ya maji ya kunyunyiza sakafu ya darasa, vumbi lisitupande kifuani, basi nilikuwa natoka kijitoni na kibuyu kichwani nilipowaona wanaume sita hivi wakija shuleni bila haraka, kama watu wanaokwenda kusalimia. Mmoja akaegemeza gogo mlangoni, akalikaza kwa mguu. Wawili walikuwa na vienge vya moto. Nyasi kavu na upepo ule, unadhani vinahitaji kubembelezwa? Mimi huongeza chumvi kwa kila kitu, watu wananijua, nikisema nyoka ujue ni mjusi. Hapa siongezi. Paa lilishika lote kabla sijatua kibuyu. Na yule aliyekaza gogo akainama karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, andikeni tena."

Mwalimu Fabiani, ule wembamba wake wote, alibomoa ukuta wa nyuma kwa bega, akawa anawatupa watoto nje mmoja mmoja kama mtu anayepakua magunia. Tulikuwa arobaini na kitu. Saba hawakutoka. Paskali alikuwa wa saba, kwa sababu alikuwa anamsaidia mwalimu kusukuma wadogo kwenye tundu. Mikono ya mwalimu haikushika chaki tena maisha yake yote.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku zile kila aliyekuwa na masikio aliujua. Walikuja watu kutoka kila upande wa nyanda, mpaka vilima vikawa vyeusi kwa watu. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Sumbawanga mjini alikuja na lori lake na majora ya sanda, akashuka, akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Vijana wakanoa mapanga. Hasira ilikuwa kubwa, lakini haikuwa na pa kwenda, maana wezi walishavuka mpaka. Basi siku ya pili wakamkamata mtu wa chumvi aliyepanda kutoka bonde la Rukwa, mgeni maskini, hajui hata kilichotokea, wakampiga karibu kumuua na chumvi yake wakaimwaga. Hilo nalo linanikera mpaka leo. Mgeni tulimpiga bila kumsalimia, na wa kwetu tulikuwa tunampigia makofi.

Maana jumbe alikuja matangani. Alikuja na mbuzi, amevaa koti la kaki, uso umekunjamana vizuri, na watu wakapiga magoti. Mimi nilikuwa nimeshamweleza mama maneno ya yule mtu wa mlangoni. Mama hakulia aliposikia. Aliniuliza mara tatu, kama anapima: alisema tena? Nikasema ndiyo, andikeni tena. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ilikuwa koti la kaki. Barua ilipita mikono minne tu: Paskali aliyeiandika, mwalimu aliyeisahihisha, babu aliyeibeba, na aliyeipokea kwa mikono miwili. Jumbe alipofika mbele ya mama kumpa pole, mama alikaa wima na mikono yake akaikalia. Wanawake waliokuwa karibu walishtuka kuliko siku walipoona moshi.

Siku ya tatu akaja bwana mkubwa wa boma, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, na askari na mkalimani. Alisema serikali imesikitika na wahalifu wanatafutwa. Akasema watu watulie, wawashe moto wale, wasije wakaugua. Hakutaja barua. Mtu mmoja alipomuuliza kama barua yetu ilifika bomani, mkalimani alimtazama jumbe kwanza, kisha akatafsiri kitu kifupi mno, na Mzungu akajibu kwamba barua nyingi hupotea njiani.

Sasa elewa desturi yetu. Mtu akifa, moto wa nyumba ile unazimwa kwa maji. Hakipikwi kitu. Siku ya tatu mzee wa ukoo anapekecha moto mpya kwa vijiti, lakini kabla ya kupekecha lazima asimame aseme mbele ya watu wote huyu marehemu ameuawa na nini. Kama ni homa, aseme homa. Kama ni nyoka, aseme nyoka. Kifo kikishatajwa ndipo moto unawashwa na walio hai wanakula. Safari hii, kwa kuwa wale saba walikuwa wa ukoo wa kila nyumba, kijiji kizima kilikuwa kimezima, na mzee wa kupekecha alikuwa babu yangu. Mama alimwendea asubuhi, akapiga magoti, akamwomba jambo moja tu: amtaje jumbe. Tuliisikia sauti yake kutoka nje.

Tukakusanyika uwanjani, watu wengi sana, mabwana wa boma wamekaa kwenye viti vya kukunja, jumbe pembeni yao. Babu akasimama na vijiti vyake. Nilimwona akimtazama jumbe, akamtazama Mzungu, akatazama chini. Akasema, "Watoto wetu wameuawa na moto."

Akachuchumaa kupekecha. Hapo mama akasimama. Mkamwana, mbele ya baba mkwe, mbele ya serikali. "Baba," alisema, "moto hauna miguu. Sema nani aliupa njia."

Jumbe akasema kwa upole, binti yangu huzuni imekuzidi, akinamama mshikeni mwenzenu. Na wanawake wakamshika. Ndiyo, wanawake wenyewe, waliofiwa kama yeye, wakamketisha na kumfunika khanga usoni kwa aibu. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu akapita, kifua mbele. Babu akaendelea kupekecha. Vijiti vikamponyoka mara mbili, lakini moto ukashika, na watu waliokuwa na njaa ya siku tatu wakaukimbilia na vipande vya magogo, kila mmoja akachukua wa kwake. Mama hakuchukua. Jirani alipotuletea kijinga cha moto mlangoni, mama alikimwagia maji mbele yake, akamshukuru, akaingia ndani.

Tulikaa bila moto kipupwe kizima cha Ufipa. Hapo nikikwambia kamasi ziligandia puani nikawa nazivunja kama kuni, punguza kidogo, lakini usipunguze sana. Mimi nilikula kwa majirani. Mama alikula viazi vitamu vibichi, karanga, na maziwa aliyopewa. Jioni moja babu alikuja, akasimama nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusalimu. Akasema ni yeye aliyeibeba ile barua, anajua, na usingizi haupati. Mama akamjibu bila kunyanyua macho, "Kaseme pale uliponyamaza, baba." Babu akaondoka. Hakusema. Mvua zilipoanza akafa, na kwenye matanga yake walisema ni uzee. Sisi tukahamia Pito kwa mjomba, na huko ndiko mama alikopika tena. Jumbe aliendelea na ujumbe wake hadi alipochoka mwenyewe, serikali ikampa blanketi na barua ya shukrani. Shule haikujengwa tena kwa miaka mingi sana. Mimi elimu yangu ni ile miezi minne niliyokaa kwa Mwalimu Fabiani. Nikiona gazeti naona mahindi yaliyopaliliwa.

Siku hizi mambo ni mengine, nami si mtu wa kusema zamani kulikuwa kuzuri. Wajukuu wangu wanasoma, mmoja anaweza kuniandikia na kunisomea bila kukohoa. Mtoto akidhurika siku hizi, wakubwa wanakuja na magari, maturubai na vipaza sauti. Lakini maneno ni yale yale ya kiti cha kukunja: tulieni, tuwe na subira, tumwachie Mungu. Juzi juzi walizindua madarasa mapya kule kijijini kwetu, ya tofali na bati, nikapelekwa kama bibi wa kale, nikakalishwa mbele. Pale ukutani palikuwa na jiwe lenye maandishi. Nikamuuliza mjukuu wangu limeandikwa nini. Akasoma kwamba shule imepewa jina la jumbe wa zamani, mpenda elimu. Wajukuu zake wamechanga saruji, sina ugomvi nao, ni watu wazuri, mmoja ameoa kwetu.

Mshereheshaji akauliza kama bibi ana neno la baraka. Nikasimama. Nikasema nitawachekesha, wakaanza kucheka kabla. Kisha nikasema, "Paskali, mtoto wa mama yangu, hakuuawa na moto. Aliuawa na Lukasi, huyu wa kwenye jiwe, aliyepewa barua mkononi akaipeleka kwa wezi."

Mtu akanivuta gauni, mama mmoja akaninong'oneza kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mshereheshaji akaja kuchukua kipaza sauti huku akinipigia makofi ya heshima. Sikumpa. Nyuma kabisa akasimama kikongwe mwingine na fimbo yake, akasema dada yake aliitwa Yusta na yeye aliuawa na Lukasi. Akasimama mwanamume, akamtaja mdogo wa baba yake. Wakasimama wengine wawili. Ratiba ikavurugika yote, chakula cha mgeni rasmi kikapoa kwenye mahotipoti, na katika watu wote wale wa kwetu, wenye adabu ya kuivisha maharage, hakuna hata mmoja aliyemwomba mgeni huyo radhi.