Sekunde Mbili Nilizokataa Kuzikata

Mwezi uliopita niliambiwa nikate sekunde mbili kwenye filamu yangu, na tangu siku hiyo sijatulia.

Aliyeniambia ni bwana mmoja anayejua filamu kuliko mimi. Amesomea, ana cheti, na alikuwa ameketi mstari wa mbele kule Makumira, mchana sisi watengeneza filamu tulipoonyesha kazi zetu kwenye ukumbi wa viti vya plastiki. Filamu yangu ina dakika kumi na moja tu. Msichana anaingia jikoni kwa bibi yake aliyefariki, anafunua chungu, hakuna kitu, anafunika, anageuka. Hapo anapogeuka ndipo zilipo sekunde mbili za kitisho. Ukumbi mzima ulishtuka. Dada mmoja alijimwagia soda mapajani. Halafu kila mtu akajikalisha sawa haraka haraka, akaangalia pembeni kama kuna aliyemwona. Yule bwana akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuwarusha watu kwenye viti ni ujanja rahisi, kwamba hata mtu akipiga sufuria nyuma yako utaruka. Nikiziondoa zile sekunde, alisema, nitakuwa na filamu iliyokomaa.

Acha nikwambie ukweli, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango wa chumba changu pale Elerai, narudi kuusukuma mara tatu ndipo niende. Kuhariri filamu nimejifundisha mwenyewe, kwanza kwa simu, kisha kwa kompyuta iliyotumika ambayo kioo chake hakisimami bila kuegemezwa kitabu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa anangoja siku atakayoumbuliwa. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikazikata. Nikatazama, nikazirudisha. Nikazikata tena. Jumamosi nikafunga kompyuta, nikapanda Nkoaranga, mlimani nilikokulia, bila kujua nafuata nini huko. Nikakuta ubao.

Ulikuwa umelazwa juu ya mfereji, mbele ya nyumba ya jirani yetu wa zamani, watu wanauvuka kwenda migombani. Niliutambua kwa alama nyeusi ya pasi iliyouchoma katikati, tuliyokuwa tukigombania kuikalia. Nilisimama pale na kompyuta mgongoni, matope yakiingia viatuni, na miaka yote ile ikarudi.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Mama alikuwa mjini akiuza mitumba, mimi nikabaki mlimani na bibi, ng'ombe mmoja, migomba, na kahawa iliyoteremka hadi ukingo wa bonde. Jumamosi ilianza kwa ufagio. Baada ya uwanja, majani ya ng'ombe. Baada ya majani, maji. Na msimu wa kahawa ukifika, kuchuma mpaka vidole vinanata. Mchana tulikula loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa mgando, baridi na chachu, mpaka leo sijapata mjini anayeipatia. Bibi alikuwa hapendi chungu kiachwe na makoko, nami sikuacha hata punje. Hata kufagia, nilifagia mistari inyooke, na kuku akipita juu yake nilikuwa nalia.

Jirani alikuwa na ghala la kahawa. Watu walipoanza kupeleka buni zao kiwandani, ghala likabaki tupu, na yeye, aliyewahi kufanya kazi mjini, akaweka humo televisheni ya chogo na deki. Akaziba madirisha kwa magunia. Juu kulikuwa na vitundu vya misumari kwenye mabati, na jua la saa nane lilipenya humo kama nyuzi, vumbi likicheza ndani yake. Harufu ya kahawa iliyowahi kulowekwa haikutoka kamwe kwenye zile kuta. Ukinipa leo kahawa iliyochacha kidogo, moyo wangu unaanza kwenda mbio kabla sijakumbuka kwa nini.

Filamu zilikuwa za kutisha, na za Kizungu. Jirani alitutafsiria mwenyewe, ameketi kwenye kigoda kando ya televisheni, na tafsiri yake ilikuwa na maoni mengi. Mwanamke akihamia jumba kubwa msituni, yeye alisema, "Anasema hapa patanifaa. Vyumba saba, peke yake, hata ndugu hajaalika. Huyu angekuwa Nkoaranga majirani wangeshamletea ndizi na kumuuliza kabila." Tulicheka mpaka tukasahau kuogopa, na hapo ndipo filamu ilipotukamata.

Sasa ubao. Ulikaa juu ya madebe mawili, na ncha zake mbili zilitokeza nje ya madebe. Tulikaa wanane. Jirani alikuwa na sheria moja: anayeruka anaachia ubao, anakaa chini nyuma kwenye magunia, mpaka mwenyewe atakapomrudisha. Sheria hiyo ilikuja kwa sababu yangu. Siku moja, mkono ulipotokea dirishani kwenye filamu, niliruka kabla ya wote, peke yangu, nikarudi kwa kishindo kwenye ncha ya ubao. Debe la upande wangu likateleza. Watoto wanane tukaenda chini, mguu wa mmoja ukanasa waya, televisheni ikazimika, na deki ilipowaka tena ikakataa kusoma ile diski. Mpaka leo hakuna anayejua yule mwanamke aliishia wapi. Mtoto wa mjomba, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, alinibatiza jina siku hiyo hiyo: Kifaranga. Shuleni likanitangulia.

Niliposhushwa kwenye magunia niliumia kuliko ninavyoweza kueleza. Kutoka nyuma niliona migongo saba na kipande cha picha. Nilitaka kurudi, nikae filamu nzima bila kutikisika, mbele ya wote, jina lile lifutike. Hilo tu. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile tena.

Kwa hiyo nikajifundisha. Nyuma ya daftari la hesabu niliandika kila kinachotokea kabla ya kitisho. Muziki hukatika. Mtu hufungua kabati lenye kioo, na akilifunga kuna mwingine nyuma yake. Paka hutangulia, watu wanacheka kwamba alikuwa paka tu, halafu kitu chenyewe kinakuja wakiwa bado wanacheka. Na niligundua siri ambayo wenzangu hawakuiona: jirani alikuwa ametazama filamu siku iliyotangulia ili aweze kutafsiri, na kitisho kikikaribia, yeye aliyeongea mfululizo alinyamaza. Alimeza mate. Nikihesabu taratibu toka hapo, nikifika tatu au nne, kinakuja.

Mazoezi mengine niliyafanya nyumbani. Nilimwomba mtoto wa mjomba ajifiche migombani anirukie nikitoka kuchota maji. Aliifanya kazi hiyo kwa furaha isiyo ya kawaida. Mwanzoni nilimwaga ndoo. Baada ya wiki kadhaa alinirukia na ukelele wa kukata shingo, nami nikampita kama namwona kila siku. Akanifuata nyuma. "We unaumwa," aliniambia. Niliona ni sifa.

Jirani akanirudisha kwenye ubao Jumamosi moja, nafasi ya mwisho, kwenye ncha. Nilikuwa nimetoroka kazi. Majani ya ng'ombe yalikuwa hayajakatwa. Katikati ya filamu mlango ukafunguka, mwanga ukatumwagikia, na bibi akasimama pale na mundu mkononi.

Unapaswa kujua kwamba bibi hakuwahi kuingia humo. Alikuwa mtu wa kwaya na ibada, na alisema wazungu wanalipwa kutisha watoto wa watu. Jirani alisimama, akampa shikamoo na kigoda chake. Bibi akasema hakai, amefuata mjukuu wake. Lakini mlango ulikuwa umefungwa tena, na kwenye televisheni mwanamke alikuwa akishuka ngazi na taa, akimwita paka wake. Bibi akauliza anashuka kufuata nini. Jirani akamwambia paka. Bibi akasema, "Paka hujirudia mwenyewe," na akakaa.

Paka akaruka kutoka kwenye pipa. Wote wakacheka. Jirani akanyamaza. Nikahesabu: moja, mbili, tatu.

Sikutikisika. Nakuapia, hata kope. Watoto saba waliruka kwa pamoja, bibi akaita jina la Yesu na mundu ukaanguka, na mimi peke yangu nikabaki nimekaa, mgongo umenyooka, kwenye ncha ya ubao ambao hapakuwa na mtu mwingine juu yake. Ukainuka upande wa pili kama mkono wa mizani, ukanitupa chini kwa mgongo, kisha ukaniangukia magotini.

 Kisha mtoto wa mjomba akasema Kifaranga amedondoka tena, na ghala likalipuka kwa vicheko. Jirani, akijaribu kuwa mtu wa haki, akasema sijaruka, hilo ameliona, lakini ubao nimeuangusha, kwa hiyo niende nyuma.

Nikakataa. Mtoto wa mlimani hajibizani na mtu mzima, na bibi yake akiwa ameketi hatua mbili kutoka hapo. Lakini nilisimama na vumbi mgongoni nikasema, "Siendi. Mimi ndiye sikuruka. Wao wote wameruka na wamebaki."

Nilimtazama bibi nikingoja kofi. Bibi hakuwa ananisikia. Alikuwa anacheka. Kitenge kilimteleza kichwani, machozi yakamtoka, akawa anajipiga paja. Aliposhika pumzi alimgeukia jirani akasema, "Baba, rudisha hapo nione tena."

Jirani akarudisha. Mwanamke akashuka ngazi, paka akaruka, kimya kikaja, na bibi, aliyekuwa ametoka kukiona kitu kile kile dakika moja iliyopita, akaruka tena na kuita jina lile lile. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye ncha bila ruhusa. Sikuhesabu. Niliruka pamoja nao, wote wanane tukarudi chini kwa mara moja, na ubao haukusogea hata kidogo.

Tulipokuwa tukipanda njia ya kurudi, mimi na tita la majani kichwani na bibi nyuma na mundu wake, nilimwuliza kwa nini aliruka mara ya pili na alishajua. Nilikuwa nauliza kwa dhati. Daftari langu zima lilikuwa linauliza hivyo. 

"Mimi nimeshtuka kwa mambo ya kweli," alisema. "Nimemwona daktari akitoka chumbani hasemi kitu. Mara mbili. Leo nimeshtuka na hakuna aliyekufa, na chai inaningoja nyumbani. Niache niruke."

Alizika watoto wawili kabla mimi sijazaliwa. Nilijua makaburi yao, tuliyapalilia kila Desemba. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kabla ya kaburi kuna mlango wa chumba, na mtu anayetoka akiwa kimya. Jumamosi zilizofuata alikuja mara nyingi, akiwa amenipa kazi zote kwanza.

Sasa yeye naye amelala pale makaburini, pembeni ya kahawa, na nilimpalilia kabla sijateremka kwa jirani. Kahawa yenyewe imepungua, nusu ya shamba ni mahindi ya mjomba. Ghala lina saruji na milango ya mtu anayejenga. Wale wanane wametawanyika; mtoto wa mjomba ana pikipiki mjini na bado ananiita Kifaranga kwenye simu. Watoto niliowakuta njiani walikuwa wameketi kwenye ukuta, kila mmoja na simu yake, masikio yamezibwa kwa vidude vya kusikilizia, na mmoja wao alishtuka ghafla akitazama kitu, akatupa macho huku na huku, akajifanya anakohoa. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameruka peke yake.

Jirani alikuwa barazani. Sikio moja halisikii tena, kwa hiyo shikamoo yangu niliirudia kwa sauti. Akanitazama, akauliza kama ni mimi niliyemharibia diski. Nikasema ni mimi. Akauliza, "Bado unaruka?"

"Naruka, babu."

Basi yule bwana wa Makumira anisamehe, au asinisamehe. Ni kweli, sufuria ikipigwa nyuma yangu nitaruka. Lakini sufuria hainipi watu saba wa kuruka nao, wala hainirudishi chini nikicheka huku najipapasa kifua. Aliyetaka nisitikisike nilikuwa mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi, na nilifaulu kikamilifu, na nilichopata ni ubao magotini. Sirudii. Sekunde zangu mbili nimezirudisha, na mbele yake nimeongeza nusu sekunde ya kimya, kama alivyokuwa akinyamaza jirani. Filamu nimeihifadhi mara tatu.

Kabla sijaondoka nilimwomba jirani aniazime ubao wake kwa Jumamosi moja, na kona ya ghala. Nitakuja na kompyuta, watoto wale wa ukutani nitawaita mwenyewe. Akasema sawa, ila kwanza nimtafutie kitu kingine cha kuvukia mfereji.