Zamu ya Alhamisi

Sixten Hallin aliendesha tramu, zile treni za barabarani, mjini Gothenburg kwa miaka thelathini na moja. Aliishi ghorofa ya tatu, juu yangu, na mkewe Gullvi. Kila Alhamisi, saa moja hadi saa nne asubuhi, ilikuwa zamu yao katika chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo.

Kwetu zamu ya kufua ni amana. Kila nyumba ina kikufuli chake chenye namba. Ukikifunga kwenye ubao wa zamu, penye siku na saa yako, hakuna anayekigusa. Anayezidisha dakika kumi huandikiwa karatasi yenye adabu inayochoma kuliko matusi.

Gullvi alipofariki, Sixten akaanza kusikia sauti kwenye mabomba. Alipita akigonga milango, akituomba tufunge maji kwa sababu yalikuwa yakimsema. Tulichofunga ni milango. Akalazwa, akatoka, akalazwa tena, kodi ikalala, na mwishowe akatolewa nyumbani. Tulisikitika sana, kila mtu kwake.

Lakini kikufuli chake kilibaki ubaoni, na ufunguo aliobaki nao bado ulifungua chumba cha kufulia. Baridi ilipoanza, Alhamisi moja akatokea saa moja kamili na mfuko wake. Alifua shati moja, akakaa kando ya mashine ya kukaushia mpaka saa nne, akafagia, akaenda zake. Ikawa hivyo kwa miaka miwili. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyemfukuza, maana nani angemtoa mtu ndani ya zamu yake? Mimi nilimpelekea kahawa mara mbili. Mara mbili tu, nakiri.

Kisha Birger, mwenyekiti wetu wa wapangaji, akaitisha kikao. Alitaka milango inayofunguliwa kwa kadi na zamu za kuandikisha majina, akataja usalama mara nyingi, na jina la Sixten hakulitaja hata mara moja. Tulikula maandazi ya mdalasini, tukanyoosha mikono, wangu ukiwemo. Kazi ya kung'oa vikufuli ubaoni nikapewa mimi, kwa kuwa bisibisi ninayo. Cha Sixten nilikitia mfukoni. Nilijiambia sijui anakolala, kwa hiyo siwezi kumwarifu. Kusema kweli, sikuwahi kumuuliza.

Alhamisi iliyofuata ufunguo wake haukupata tundu. Aligonga, akapiga teke, akapaza sauti mpaka jengo zima likatoka ngazini. Birger alipiga simu kuomba gari la wauguzi wa wagonjwa wa akili, akaambiwa liko upande wa pili wa mji. Wakaja polisi wawili. Hawakuwa watu wabaya. Yule mwanamke alichuchumaa mbele yake, akamsemesha polepole.

"Mzee wangu, unaishi humu?"

"Nina zamu," Sixten akasema. "Alhamisi, saa moja mpaka saa nne. Muulize jirani yangu huyo." Akanitazama. "Solveig, waambie basi. Si zamu yangu hii?"

Macho yote yakanigeukia. Kikufuli chake kilikuwa bado mfukoni mwangu, nikakishika.

"Haishi hapa tena," nikasema.

Ilikuwa kweli, na sijawahi kuona aibu kwa kusema uongo kama niliyoiona kwa kweli ile. Sixten akatulia papo hapo. Alipita katikati ya wale polisi, na alipofika mlangoni akafuta viatu kwenye zulia, ingawa alikuwa anatoka.

Hajarudi. Nimeuliza hospitalini na kwenye malazi ya wasio na makazi. Wananiambia habari za mtu ni siri yake, na mimi si ndugu. Sawa, mimi si ndugu.

Alhamisi saa moja sasa imeandikwa kwa jina langu. Nilianza kwa kushuka na chupa ya kahawa na vikombe viwili, nikauzuia mlango kwa ndoo ubaki wazi, nikakaa. Wiki ya tatu nikakuta karatasi ya Birger: "Jirani mpendwa, zamu ni za kufua, si za kukaa."

Basi siku hizi nashuka na shati moja. Nalifua, nakaa kando ya ile mashine mpaka saa nne, halafu nafagia.