CD Tatu za Harusi

Nichekeni, lakini taratibu, maana aibu yenyewe haijapoa. Mama mkwe alikuwa mgonjwa siku ya harusi yetu, kwa hiyo wiki iliyopita alishuka kutoka milimani, akaja kwetu Bigwa kuiangalia kwenye TV. Nikaipenyeza CD ya harusi kwenye mashine yangu mpya ya gemu. Kimya. "Tulia mama, mimi fundi," nikajitapa. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha waya. Wapi!

Nikampigia mpiga video, nikamfokea mbele ya mama kwamba kaniuzia CD mbovu. Akatuma nyingine kwa bodaboda. Nikaipenyeza. Kimya. Safari hii nikamwita tapeli.

Akaja mwenyewe na ya tatu. Akampa mama shikamoo, kisha akanitazama nikiisukuma ndani kwa kidole.

"Kaka," akasema kwa upole, "mashine hii haina sehemu ya CD. Hapo panatoka joto."

Akaifungua kwa bisibisi. CD zote tatu zikaanguka sakafuni, zimekwaruzika vibaya.

Mama mkwe akaokota moja, akaifuta kwa kanga yake, akamgeukia mpiga video.

"Tusamehe, mwanangu. Ndiye mkwe tuliyempata."