Makundi Yamevunjwa, Hamisi Bado Anaitwa Uhamiaji

Leo mgombea wetu wa udiwani amekuja Katonga kutuomba kura kwa Kiha.

Huyuhuyu, kwenye kura za maoni za chama chetu, aliwaambia wajumbe kwamba mpinzani wake Hamisi, mzaliwa wa Ujiji, ni mkimbizi wa Burundi. Eti lafudhi inamfichua. Lafudhi hiyohiyo ya Kiha tunayoongea nayo sote, naye akiwemo!

Hamisi akashindwa. Mpaka leo anaitwa ofisi ya uhamiaji kuhojiwa uraia wake.

Leo mgombea alipofika, dada yake Hamisi alikuwa pale anaanika dagaa.

"Na kaka yangu je?"

"Dada, yale yalikuwa ya kura za maoni. Sasa tumevunja makundi, chama ni kimoja."

"Sawa, mheshimiwa. Twende uhamiaji sasa hivi ukawaambie hivyo."

Mgombea akatazama saa, akaingia garini.

Hamisi anaripoti tena kesho asubuhi. Wanachama wenzangu, nani anamsindikiza?