Dakika Moja kwa Mtu Aliye Hai

Nilisomea ukaguzi wa hesabu na uhakikisho kwa miaka minne, na kwa muda wote huo sikuwahi kumwona mtu akikagua kitu.

Chuo chetu kilikuwa tawi la chuo kikuu kilichoko mbali, na tawi lenyewe lilikuwa orofa mbili za kupanga juu ya duka la magodoro mjini Voi. Saa nane mchana, joto likiwa limeshatutoa akili, mhadhiri wetu wa ukaguzi aliingia na daftari lake lililogeuka rangi ya chai, akaanza kusoma. Sisemi kufundisha. Alisoma, nasi tukaandika. Uzamifu wake ulikuwa haujakamilika, lakini alipenda kuitwa Dokta, nasi tulimwita Dokta, maana mtu anayesahihisha mtihani wako humwiti anavyostahili.

Alitusomea kwamba mkaguzi ni mtu wa kutilia shaka. Tukaandika. Alitusomea ngazi za ushahidi: wa maandishi unashinda wa mdomo, wa mtu wa nje unashinda wa ndani, wa asili unashinda nakala, na wenye mhuri unashinda usio na mhuri. Hilo la mwisho sijaliona katika kitabu chochote. Lilikuwa lake mwenyewe, na alilitamka kwa mapenzi. Mtu akiuliza swali, alijibu, "Hilo tutalifikia," na hatukulifikia. Ukieleza maana ya ukaguzi kwa maneno yako mwenyewe katika jaribio, ulikatwa alama. Kutilia shaka kulitakiwa kuandikwa kama alivyokusoma yeye, koma kwa koma.

Nilimdharau. Niliwadharau pia wenzangu, waliopiga picha ubao kwa simu ili maneno yasipitie kichwani hata kidogo. Mimi natoka Mghange, juu milimani, kwenye kabichi na ukungu, ambako watu huamini kwamba aliyesoma hahojiwi. Chuoni nikagundua kwamba aliyesoma pia hahoji.

Mtu mmoja tu sikumdharau, msichana wa Kasigau niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mwepesi kuelewa na hakujionyesha. Lakini kila pojo na mahindi yalipokaribia kukomaa kwao, tembo waliingia mashambani, naye alirudi nyumbani kumsaidia baba yake kulinda. Mama yake alikuwa na mguu mbovu na kaka zake walikuwa Mombasa. Baba alikesha dunguni, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, na binti alipiga madebe.

"Tembo hajapewa kalenda ya chuo," aliniambia.

Alikosa darasa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kanuni ilikuwa kwamba asiyehudhuria robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani, na kuhudhuria kulithibitishwa kwa karatasi moja iliyopitishwa darasani tutie sahihi. Kila mtu alimtilia mwenzake. Mimi nilimtilia huyu rafiki yangu, nikaizoea sahihi yake hadi ikatoka nzuri kuliko anavyoiandika yeye. Dokta aliikusanya karatasi mwisho wa kipindi, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni bila kuitazama. Naye alikuwa na fomu yake, ambayo klasirepu, kiongozi wetu wa darasa, aliitia sahihi kwamba kipindi kimefundishwa, hata zile wiki ambazo Dokta alikuwa Nairobi. Kwa ufupi, darasa la ukaguzi lilikuwa darasa la kughushi, na lilikwenda bila kelele.

Alhamisi moja Dokta aliamka na hasira, sijui kutoka wapi.

"Nyinyi hamtilii shaka kitu," alisema. "Mtu akiwapa sumu kwenye kikombe safi mtaomba na sukari. Nani atanipa mfano wa udhibiti mbovu? Hapa hapa Voi. Mfano mmoja tu."

Feni ilizunguka.

"Hiyo karatasi, Dokta," nilisema.

"Karatasi ipi?"

"Ya mahudhurio. Hesabu sahihi, halafu uhesabu vichwa."

Nilitaka aaibike. Nilitaka, kwa mara moja katika miaka minne, aione kazi yake mwenyewe. Akahesabu kwa kidole, safu kwa safu, midomo ikichezacheza, nami nikakaa nimekunja mikono kama mtu aliyeleta mvua. Vichwa vilikuwa ishirini na sita. Sahihi zilikuwa arobaini na moja. Kwa utamu wa kuwa na haki nilikuwa nimesahau kwamba sahihi mojawapo nimeiandika mimi, nusu saa iliyopita, kwa kalamu iliyokuwa bado mezani pangu.

Dokta hakuaibika. Watu wa aina yake aibu huwapitia kama maji juu ya jani la yugwa.

"Kumi na tano," alisema. "Kila jina lililokuja leo bila mwili wake liniletee barua ya sababu Jumatatu. Asiye na barua nitahesabu hajahudhuria hata siku moja. Mtihani atausikia kwa wenzake."

Kwenye ngazi klasirepu alinisubiri.

"Msee, umetuuza."

"Si wangekuja darasani?"

"Na wewe umewasainia wangapi?"

Nikaanza kushuka ngazi.

"Ongea basi, mkaguzi mkuu."

Nilimpigia rafiki yangu. Alikuwa shambani, nilisikia upepo na mbuzi. Nilimweleza, na nilipofika mahali pa kueleza nia yangu akanikatiza.

"Ulitaka kumwonyesha," alisema.

"Ndiyo."

"Haya, umemwonyesha. Sasa mimi nitamwonyesha nini?"

Somo hilo lilitolewa mara moja kwa mwaka. Kukosa mtihani kulikuwa ni mwaka mzima wa kusubiri, na msichana akisubiri nyumbani mwaka mzima, pale kwao, harudi. Anapewa jembe, anapewa mchumba, anapewa kila kitu isipokuwa nauli. Alilijua hilo, nami nililijua siku zote, hata nilipoinua mkono.

Kufikia Jumamosi Voi ilikuwa imeugua. Wenzetu kumi na wanne walipata vyeti kutoka kliniki moja, na wote walikuwa na taifodi. Mtu anayetilia shaka chochote angejiuliza ni kisima gani hicho kinachochagua wanafunzi wa ukaguzi peke yao. Ni rafiki yangu tu aliyefikiria kusema ukweli. Ijumaa asubuhi yeye na baba yake walikwenda ofisini kwa chifu kuomba barua inayosema kwamba tembo waliingia na kwamba binti alikuwa akilinda shamba. Yaliyotokea huko alinisimulia Jumatatu, chini ya ngazi, mlangoni pa duka la magodoro.

Chifu alikuwa mkutanoni. Lakini ni mtu anayejali raia wake, kwa hiyo alikuwa amemwachia karani fungu la barua zilizochapwa tayari, zenye mhuri na sahihi, zikisubiri majina tu. Zote zilikuwa barua za msiba, kwa sababu ndizo zinazoombwa zaidi.

"Ya tembo hakuna?" aliuliza.

"Ya tembo chifu anaandika mwenyewe. Anarudi Jumatano."

"Mwisho ni Jumatatu."

"Basi dada, tuchague wa kufa," karani alisema, akavuta kiti. Hakuwa akitania. Alikuwa akisaidia.

"Babu."

"Babu wanakupa siku mbili. Wewe umekosa muda gani?"

"Wiki tatu."

"Hapo ni mzazi."

Kwetu huku hutaji kifo cha mtu mzima aliye hai. Neno likitamkwa, kifo kimeonyeshwa njia. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, amesikia yote.

"Niandike mimi," alisema. "Mama yako tayari anaumwa. Tusimjaribu Mungu."

"Baba, hapana. Nitarudia mwaka."

"Urudie kwa ajili ya ndovu? Andika, bwana karani. Jina langu unalijua."

Karani akaandika. Kisha akainua macho na kumuuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, ulifariki lini?"

Mzee alifikiri kidogo. "Weka ile siku pojo zilipoliwa."

Alipomaliza kunisimulia, rafiki yangu alikunjua barua na kuikunja tena.

"Na wewe leo nyamaza," aliniambia. "Ukifungua mdomo, nitakuwa nimemuua baba yangu bure."

Tulipanda. Dokta alipokea vyeti vya taifodi kumi na vinne na kuvipanga bila neno. Alipofika kwenye barua ya chifu ndipo, kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele yangu, akakagua kitu. Alipitisha kidole gumba juu ya mhuri. Aliipeleka dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Aliiangalia nyuma. Jina la marehemu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu katikati ya maandishi meusi, na mwandiko haukuwa wa aliyetia sahihi. Hayo hakuyaona, au aliyaona akayapita. Simu moja tu ingetosha. Kumtazama tu usoni huyo binti na kumuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani kungetosha.

"Huu ndio ushahidi," alitutangazia, karatasi ikiwa juu. "Wa nje. Wa maandishi. Wa asili. Na mhuri." Kisha akavua miwani na sauti ikalainika. "Pole sana, binti yangu. Darasa, tusimame. Dakika moja, kwa heshima ya mzee."

Tukasimama. Walisimama wagonjwa kumi na wanne wa taifodi, klasirepu, na mimi. Rafiki yangu alilia, na hakuwa akiigiza. Neno lilikuwa limesemwa mbele ya watu na sasa lilikuwa limesimamishiwa watu pia. Nilikuwa na kila kitu nilichohitaji ili kumwangusha Dokta palepale, na safari hii kila hoja ingekuwa ya kweli. Niliinamisha kichwa. Nilitazama viatu vyangu na kujaribu kumdharau yeye peke yake, nikashindwa kuuweka mpaka.

Klasirepu alitaka tuunde ujumbe wa kwenda Kasigau kuhani. Rafiki yangu alisema mazishi yalikwisha.

Alifanya mtihani. Aliupita kwa alama nzuri kuliko zangu.

Mwaka uliofuata tawi letu lilifanya mahafali madogo, mahema mawili kwenye kiwanja cha kukodi na kipaza sauti kilichokohoa. Mama yake alikuja akichechemea. Baba yake pia alikuja, katika koti la kahawia lililopigwa pasi hadi likang'aa, na njia nzima, aliniambia rafiki yangu, walikuwa wamemfunza la kujibu. Dokta alikuja moja kwa moja kwetu, joho linampepea.

"Na huyu?"

"Baba mdogo," rafiki yangu alisema.

Dokta alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. "Pole kwa kumpoteza kaka yako. Mimi nilisimamisha darasa zima kwa ajili yake."

"Tuliambiwa, Dokta," mzee alijibu, uso haujatikisika. "Hata yeye, huko aliko, alipata habari."

Dokta alitikisa kichwa kwa huzuni, na niliona kwamba amefarijika sana. Alikuwa ametenda wema na kulikuwa na karatasi ya kuuthibitisha.

Ndipo mpiga picha alipotuita. Alimweka mhitimu katikati, mama kushoto, kisha akapunga mkono kulia. "Baba wa mhitimu, tafadhali, hapa."

Hakuna aliyesogea. Rafiki yangu alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akatazama chini.

"Marehemu," Dokta alimnong'oneza mpiga picha, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Kisha, kwa ukarimu ule wa mtu asiyewahi kujiuliza swali, akakohoa, akanyoosha joho na kwenda kusimama mahali pale mwenyewe. Akaweka mkono begani mwa binti.

Baba yake alikwenda nyuma, safu ya wajomba na majirani, akasimama karibu nami. Nilitafuta kitu cha kumwambia. Nilikuwa na shahada ya kuuliza maswali na sikuwa na hata moja.

"Mzee," nilianza, "mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wewe," alisema, akijinyoosha kwa vidole vya miguu, macho yake kwenye kamera. "Sogea kidogo huko, kijana. Unanizibia."