Utupa wa mama mkwe na bwawa langu la samaki

Wakuu, salamu kutoka Ngungu, huku Masisi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Aibu ninayo, lakini nasimulia.

Mke wangu Furaha alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza tuliipoteza kwa malaria, na safari hii malaria ilishamlaza mara mbili.

Niliogopa sana, sifichi.

Nyuma ya nyumba kuna mashimo tuliyochimba udongo wa matofali. Mvua ikinyesha yanajaa, na viluwiluwi vya mbu vinacheza humo. Dawa ya dukani sikuitaka karibu na mjamzito.

Mama mkwe akaja kutoka Pinga, siku mbili juu ya pikipiki, na fungu la majani ya utupa. Huko Pinga, kwao Walikale, wanawake huyatwanga na kuyatia mtoni wakati wa kiangazi, samaki wanalewa, wanaokotwa kwa vikapu. (Akianza hadithi za samaki, ugali unapoa.)

Akatwanga, akamimina kwenye mashimo. Kesho yake viluwiluwi vilikuwa vimekufa.

Hapo akili yangu ikahama.

Mama alipoenda kanisani, nilitwanga majani yaliyobaki nikamimina bwawani, nilikofuga tilapia za kumlisha Furaha akishajifungua. Habari ya samaki kulewa nilikuwa nimeisikia yote, wakuu. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na mbu tu.

Mama akarudi, akakuta samaki wanaelea. Huku mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, basi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Yeye akakunja kitenge, akaingia majini, akawatoa waliokuwa bado wanapumua, tukawatia kwenye pipa la maji safi. Saba walizinduka.

"Bale samaki njo banakulaka vidudu vya mbu," akaniambia taratibu, yaani samaki wale ndio hula viluwiluwi. "Mu bwawa utupa haikukuwa na kazi."

Kisha akamgeukia binti yake: "Furaha, huyu bwana yako anakupenda mpaka anaua chakula yako."

Furaha akacheka hadi akashika tumbo. Tangu mimba ya kwanza itoke, sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Mimi nikalia, nikasingizia maji ya bwawa.

Neti hatukuacha, wala kliniki. Mtoto wetu sasa ana miezi mitatu, na ananyonya kama ana deni.

Nilichojifunza: utupa ni wa madimbwi yasiyo na samaki, na usiutie kwenye maji ya kunywa. Hofu ikikushika, uliza kwanza wanaojua.

Kwenu mnatumia mmea gani? Na wa kunicheka mnicheke tu, nyumbani wameshanizoesha.