Kengele ya Mzee Masoud

Makorora nzima, pale Tanga, iliamini Idarusi kaingiwa na wazimu wa uzeeni. Mtu na mvi zake kauza bajaji iliyomsomeshea watoto, kaiuza na tairi mpya juu, ili anunue bajaji ya umeme. Kijiweni, dereva mwenziwe Sabiri alikuwa hampi nafasi ya kupumua.

"Ikikuzimikia kule Pongwe utachomeka wapi? Kwenye mnazi?"

Idarusi alicheka pamoja nao. Hakuwaambia kwamba hiyo Pongwe ndiyo sababu yenyewe.

Mama yake, Bi Sabiha, alipoteza nuru ya macho mwaka uleule alipofariki mumewe, na tangu hapo hakutoka mtaani. Dada wa mama, Bi Nasra, yuko Pongwe, miguu imemgomea. Kila baada ya magharibi wanapigiana simu, wanagombana kidogo, wanakata. Idarusi alikuwa amemsihi mama ampeleke mpaka amechoka. Siku moja alikubali, akapanda, na hata barabara kuu hawajaifika bibi wa watu anataka kushushwa.

"Hilo dude lako linanguruma mpaka kwenye meno," alisema. "Macho yangu siku hizi ni masikio, mwanangu. Humo ndani sijui niko wapi. Nakuwa kipofu mara ya pili."

Maneno hayo yalimuuma Idarusi, kwa sababu aliikumbuka Pongwe ya zamani. Enzi za marehemu baba yake, mzee Masoud, walikwenda kila Ijumaa jioni kwa baiskeli, na Tanga ile bila baiskeli ungeitwa nani? Mzee anapiga pedali. Mama kakaa upande kwenye keria, buibui kalikunjia mapajani lisije likaliwa na mnyororo, mkono mmoja umeshika shati la mumewe kiunoni. Idarusi mdogo kapakiwa mbele kwenye bomba, matako yanamuuma na hathubutu kusema. Njia nzima wale wawili wanapiga soga, na hakuna kelele ya kuwakatiza. Wakikaribia, mzee anapiga kengele: mbili za haraka, ya tatu anaivuta. Bi Nasra anatoka na kata ya maji, anamtania shemeji yake kwamba kaja kula tu.

Ndiyo maana siku alipopandishwa bajaji ya umeme Dar es Salaam, akamsikia muuza karanga ng'ambo ya barabara akichezesha sarafu mkononi, hakuuliza inakimbia kiasi gani. Alitoa malipo ya kwanza palepale.

Kungoja sasa! Wakala, kijana mmoja aitwaye Wilfred, alimpiga danadana kwa lugha tamu. Mzigo uko bandarini, mzee. Mzigo umetoka, mzee. Mzigo umerudishwa kidogo, mzee. Idarusi akawa mtu wa kushinda barazani na mikono isiyo na kazi. Na wakati huohuo sauti ya Bi Nasra kwenye simu ilizidi kuwa nyembamba. Siku moja hakugombana. Aliuliza tu, "Nitakuona lini, mdogo wangu?" Bi Sabiha akaizima simu.

Kesho yake alifungua kasha lake, akatoa kengele ya baiskeli ya mumewe, akaanza kuisugua kwa majivu na ndimu.

"Mama, bajaji ina honi yake."

"Honi ya nani? Kama haina sauti, itabishaje hodi kwa watu? Utaifunga hii."

Akaisugua kila siku ya kungoja, hata ilipokwisha kung'aa.

Bajaji ilifika juu ya lori, imefungwa nailoni. Majirani walijaa, na Sabiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba apande. Bi Sabiha hakumruhusu mtu. Alikwenda na chetezo, akaifukiza udi ndani nje, akaipapasa toka taa ya mbele hadi kiti cha nyuma, akakaa.

"Twende."

Wakaondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mama akawa anaiona njia. Hapa wanapasua mbao. Hapa reli, baba yako alikuwa akitushusha. Hapa upepo umebadilika, majumba yamekwisha. Halafu Idarusi akasikia mkono umelishika shati lake kiunoni. Mama akaanza kupiga soga. Idarusi aliendesha huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Kwa Bi Nasra mlango ulikuwa wazi, ila hakutoka mtu. Nani angewasikia?

"Piga," mama alisema.

Idarusi akapiga: mbili za haraka, ya tatu akaivuta kama alivyokuwa akifanya baba yake.

Ndani kitanda cha kamba kililia. "Shemeji Masoud?" iliuliza sauti ya mgonjwa. "Ndiyo umekuja kunichukua?"

Bi Sabiha aliteremka bila kungoja kushikwa mkono. Alipapasa ukuta anaoujua, akavuka kizingiti, akaifuata ile sauti mpaka kitandani.

"Si yeye, dada. Ni mimi. Hebu nisogezee nikae."